Boti mbili za faiba, bei zinakaribiana: familia ichukue ipi?

MSIMU wa machungwa unapokwisha Muheza, fedha huwa mkononi na mawazo huwa mengi. Wapo wanaonunua shamba jingine, wapo wanaoongeza chumba kwenye nyumba ya kupanga, na siku hizi wapo wanaotazama baharini. Kutoka Muheza hadi Pangani si mbali, watoto wanafunga shule Desemba, na kisiwa cha mchanga cha Maziwe kipo takriban kilomita 8 kutoka pwani. Boti ndogo ya faiba ya kupeleka familia matembezi, ambayo siku nyingine itakodishwa irudishe gharama zake, inaonekana kuwa mpango mzuri.

Chukua mfano wa mkulima wa machungwa mwenye duka la pembejeo mjini Tanga. Ameoneshwa boti mbili zilizotumika. Zote ni za faiba, zote zina urefu wa futi 19, na wauzaji wote wawili wanasema chombo chao ni “V kali”, yaani tumbo lake limechongoka ili likate mawimbi. Ya kwanza ina upana wa futi 7 na nusu na injini ya nguvu farasi 115, kwa Sh milioni 40. Ya pili ina upana wa futi 8 na injini ya nguvu farasi 90, kwa Sh milioni 34. Bei hizi ni za mfano tu, lakini uamuzi wenyewe ni wa kweli kwa yeyote anayetaka kuingia katika ununuzi wa namna hii.

Tofauti ya Sh milioni 6 si ndogo. Hata hivyo, si bei ya kununulia itakayoamua kama mkulima huyu amepata au amepoteza. Mambo matatu ndiyo yatakayoamua: maji atakayopita, idadi ya saa ambazo injini itanguruma kwa mwaka, na hali ya mbao zilizofichwa ndani ya faiba.

V kali ni nini hasa

Umbo hili lina historia. Mchoraji wa vyombo wa Marekani, Ray Hunt, ndiye aliyeliletea sifa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake boti nyingi za kasi zilikuwa na tumbo lililochongoka mbele na kuwa bapa nyuma. Hunt aliendeleza mchongoko huo hadi tezi. Mwaka 1960 boti ya Dick Bertram iitwayo Moppie, iliyojengwa kwa mchoro wake, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, kwa muda wa takriban saa 8. Muda mfupi baadaye umbo hilo likaanza kutengenezwa kwa faiba, na tangu hapo limeenea duniani.

Mchongoko hupimwa kwa nyuzi: ni pembe ambayo kila upande wa tumbo hupanda kutoka kwenye mkuku. Boti za Hunt zilikuwa na nyuzi zipatazo 24 huko nyuma. Boti nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo huwa na nyuzi 20 na kuendelea, na zile za V ya wastani huwa kati ya 15 na 19.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Muuzaji humsimamisha mteja mbele ya omo na kumwonesha jinsi chombo kilivyochongoka. Lakini karibu kila boti imechongoka kwenye omo. Pembe inayohesabika ni ya tezi, kwa sababu boti ikishika kasi omo huinuka na sehemu ya nyuma ndiyo inayobaki ikipiga maji.

Kuipima hakuhitaji fundi wa chuo. Boti iwe juu ya magogo au tela, imesimama wima bila kulala upande. Shika pimamaji ya fundi mwashi ianzie kwenye mkuku, pale tezi, kuelekea ubavuni. Ukifika sentimita 50 kutoka kwenye mkuku, pima kwa rula umbali wa kwenda juu hadi kwenye tumbo la boti. Ukipata sentimita 22, hiyo ni boti ya nyuzi 24. Ukipata sentimita 18, ni ya nyuzi 20. Ukipata 13, ni ya nyuzi 15 hivi, na aliyeiita V kali ama hajui au hasemi kweli.

Katika mfano huu, boti ya kwanza imetoka nyuzi 24 na ya pili nyuzi 20.

Faida ya mchongoko, na gharama yake

Nyuzi 24 zina kazi yake. Boti ikiruka wimbi na kutua, tumbo lililochongoka huingia majini taratibu kama shoka kwenye gogo bichi, wakati lile la bapa hupiga kama kofi. Kwa bibi mwenye maumivu ya mgongo au mama mjamzito, tofauti hiyo si ya starehe tu. Katika majira ya kusi, ambayo upepo wake ni wa nguvu na huongezeka kadiri jua linavyopanda, boti ya nyuzi 24 itaendelea na safari kwa mwendo ambao ile ya nyuzi 20 italazimika kuupunguza.

Lakini hakuna kitu cha bure. Kwanza, tumbo lililochongoka hubebwa na maji kwa shida zaidi. Ili boti yenye uzito uleule ipae juu ya maji na kushika kasi ileile, inahitaji injini yenye nguvu zaidi na mafuta zaidi. Ndiyo sababu boti ya kwanza imefungwa 115 na ya pili 90.

Pili, V kali huyumba zaidi inaposimama. Ikiwa kwenye mwendo imetulia, lakini nanga ikishashushwa huegemea haraka pale uzito unapohama. Matembezi ya familia kwa sehemu kubwa ni kusimama: watoto wanaogelea, baba anavua kwa mshipi, mama anapakua pilau. Akitokea pomboo na watoto wote wakakimbilia upande mmoja, boti ya nyuzi 24 yenye upana mdogo italala zaidi kuliko ile ya nyuzi 20 yenye upana wa futi 8.

Tatu, kuna kina. Tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani ya Tanzania hupita mita 3 wakati wa bamvua, na sehemu nyingi za kushukia hazina gati. Boti iliyochongoka zaidi huzama chini zaidi kidogo, abiria hushuka kwenye maji marefu zaidi, na ikiachwa na maji mchangani hulala ubavu. Ikilala juu ya jiwe, faiba huchubuka.

Ieleweke pia kwamba nyuzi nne peke yake si mbingu na ardhi. Uzito wa boti, urefu wake na namna mzigo ulivyopangwa vina sauti katika utulivu wa safari. Boti nyepesi ya nyuzi 24 inaweza kumrusha abiria kuliko boti nzito ya nyuzi 20. Na nahodha anayejua kupunguza mwendo ana thamani kuliko nyuzi zote.

Maji yenyewe yakoje?

Mkulima wa mfano wetu ana njia mbili za matembezi. Ya kwanza ni kupanda Mto Pangani, kati ya mikoko na minazi. Maji ya huko ni tulivu, mwendo ni wa polepole ili wimbi la boti lisipindue mitumbwi ya watu wala kubomoa kingo, na V kali haina la kufanya. Ya pili ni kwenda Maziwe. Hapo chombo hutoka mdomoni mwa mto, penye fungu la mchanga ambapo mawimbi husimama maji yanapotoka kwa nguvu huku upepo ukiingia, kisha huvuka bahari ya wazi.

Maziwe nayo ina masharti yake. Zamani kisiwa hicho kilikuwa na mivinje, lakini bahari iliila ardhi na miti ikatoweka mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo ni fungu la mchanga mweupe ambalo maji makuu hulifunika. Kwa hiyo safari hupangwa kwa saa za maji: familia hutoka asubuhi maji yanapokupwa na kurudi kabla hayajajaa. Ni hifadhi ya bahari, na mgeni hulipa kiingilio.

Safari za asubuhi katika kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na bahari nyepesi kuliko ya kusi, na huo ndio wakati watoto wako nyumbani. Familia itakayotembea zaidi wakati huo na kupanda mto wakati mwingine itaitumia faida ya nyuzi 24 siku chache sana. Mfanyabiashara anayekusudia kupeleka wageni mwaka mzima, pamoja na Juni na Julai, ana hesabu nyingine.

Hesabu ya saa

Wenye boti wana kanuni ya kukadiria mafuta: injini ya petroli ikifunguliwa mwisho hutumia kwa saa moja takriban galoni moja ya Marekani, yaani lita 3.8, kwa kila nguvu farasi 10. Injini ya 115 itakunywa lita 43 hivi, na ya 90 lita 34. Kwa mwendo wa kawaida wa safari, chukua nusu: lita 22 na lita 17.

Tuseme kila safari injini hufanya kazi saa 2, na lita moja ni Sh 3,000. Boti ya kwanza itatumia lita 44, sawa na Sh 132,000. Ya pili itatumia lita 34, sawa na Sh 102,000. Tofauti ni Sh 30,000 kwa safari.

Sasa ziongezwe gharama ambazo hulipwa hata boti ikilala. Boti ikitumika miaka 10 na kuuzwa kwa robo ya bei yake, ya kwanza inapoteza Sh milioni 3 kila mwaka na ya pili Sh 2,550,000. Mlinzi wa Sh 100,000 kwa mwezi ni Sh 1,200,000. Matengenezo, vibali na vifaa, tuweke Sh 1,500,000. Jumla ya mwaka ni Sh 5,700,000 kwa boti ya kwanza na Sh 5,250,000 kwa ya pili, kabla ya tone la petroli. Kama fedha ni za mkopo, riba nayo iongezwe hapo.

Familia ikienda safari 6 tu kwa mwaka, kila safari katika boti ya kwanza itakuwa imegharimu Sh 1,082,000. Katika ya pili itakuwa Sh 977,000. Wakienda safari 20, ni Sh 417,000 na Sh 364,500. Zikifika safari 60, ni Sh 227,000 na Sh 189,500.

Namba hizi zinasema jambo ambalo muuzaji hatalisema. Tuseme kukodi boti pamoja na nahodha kwa siku ni Sh 250,000. Familia ya safari 6 itakodi kwa Sh 1,500,000 kwa mwaka mzima, wakati boti yake mwenyewe ingeila zaidi ya Sh milioni 5.8. Ili boti ya pili ianze kuwa nafuu kuliko kukodi, lazima ifanye safari 36 kwa mwaka. Ya kwanza inahitaji 49. Asiyefikia idadi hiyo anunue kwa sababu anapenda, na ana haki ya kupenda, lakini asijidanganye kwamba amewekeza. Sh milioni 34 ni pampu, mabomba na miche ya ekari kadhaa, na mchungwa hauhitaji mlinzi wa usiku ufukweni.

Kila msomaji anaweza kurudia hesabu hii kwa bei za kwao. Aandike gharama za mwaka zisizobadilika, kisha azigawe kwa tofauti kati ya bei ya kukodi na mafuta ya safari moja. Jibu ndilo idadi ya safari zinazohitajika.

Kuoza hakuonekani kwa nje

Faiba yenyewe haiozi, na ndiyo sababu watu huisifu kuliko mashua ya mbao. Lakini boti nyingi za faiba zina mbao ndani yake: ubao wa tezi unaobeba injini, mataruma yaliyo chini ya sakafu, na sakafu yenyewe. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, mbao hizo huoza zikiwa zimefunikwa na boti ikang'aa kama mpya. Kubadilisha ubao wa tezi ni kazi kubwa, na fedha yake inaweza kumeza unafuu wote wa bei.

Mnunuzi aende na fundi anayejenga boti za faiba, asiwe yule wa muuzaji. Wagonge tezi na sakafu kwa nyundo ndogo ya plastiki: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipooza hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Wainamishe injini, washike sehemu yake ya chini na kuitikisa juu na chini. Tezi ikicheza au nyufa zikionekana kwenye kona zake, mazungumzo ya bei yasimame hapo. Watembee sakafuni polepole wakitafuta panapobonyea. Watazame tumbo la boti kama lina malengelenge, ambayo ni dalili ya maji kupenya chini ya rangi ngumu ya juu. Waulize kama chini ya sakafu kuna povu gumu la kuielesha boti ikijaa maji, na kama lipo, lisiwe limelowa. Povu lililonyonya maji huongeza uzito badala ya kuokoa.

Injini nayo ipimwe mgandamizo wa kila silinda, na silinda zikaribiane. Mwisho ni safari ya majaribio, na isifanywe na muuzaji na mnunuzi wawili tu kwenye maji tulivu. Wapande watu wa idadi ile itakayosafiri, watoke nje ya mdomo wa mto, wasimamishe injini na kuhamia upande mmoja taratibu ili waone boti inavyolala. Kisha waione kama inapaa juu ya maji ikiwa na mzigo kamili. Boti inayoshindwa kupaa hunywa mafuta bila kwenda kokote.

Watu wangapi?

Kwa boti yenye injini moja na urefu usiofika futi 20, kanuni inayotumika Marekani ni kuzidisha urefu kwa upana kwa futi na kugawa kwa 15. Boti ya kwanza inapata 9.5, yaani watu 9. Ya pili inapata 10. Hiyo ni kwa hali nzuri ya hewa, na nahodha amehesabiwa humo. Upepo ukibadilika, wapungue.

Kuwaambia shangazi na binamu waliofika bila taarifa kwamba nafasi zimejaa ni jambo gumu katika familia zetu, lakini ni lazima. Nchi haijasahau kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 200.

Kila mtu awe na jaketi la kuokolea linalomtosha, na la mtoto liwe la mtoto. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la akiba. Boti ya pili, inayotumia lita 34 kwa safari, isitoke na pungufu ya lita 51; ya kwanza isitoke na pungufu ya lita 66. Anayekusudia kubeba abiria wa kulipa akumbuke kuwa hapo si matembezi tena. Chombo hukaguliwa na kupewa leseni, kazi ambayo kwa Tanzania iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Aende huko kabla ya kununua, si baada, kwa kuwa boti itakayokataliwa kwenye ukaguzi bado itakuwa mali yake.

Uamuzi

Kwa mkulima wa mfano huu, mwenye watu 8 pamoja na nahodha, anayesafiri zaidi asubuhi za kaskazi na kupanda mto siku nyingine, boti ya pili ndiyo inayomfaa. Inasimama kwa utulivu watoto wanapoogelea, inakaribia ufuko kwa urahisi zaidi, inanywa kidogo, na inarudisha gharama kwa safari 36 badala ya 49. Siku ambayo kusi imechafua bahari, dawa yake ni kubaki nyumbani, na familia haina mteja wa kumrudishia fedha.

Boti ya nyuzi 24 inamfaa yule mwenye wageni wa mwaka mzima, anayeweza kujaza safari zake na ambaye kila siku ya bahari mbaya ni siku ya kukosa kipato. Huyo Sh 30,000 za ziada kwa kila safari atazilipa bila kunung'unika.

Yote hayo ni iwapo nyundo imelia sauti kali kwenye tezi zote mbili. Ikilia sauti iliyokufa kwenye moja, mambo ya nyuzi yamekwisha: anunue ile nzima, na kama zote zimeoza, arudi Muheza na fedha zake, akodi boti Desemba, na asubiri msimu ujao.